Shelui, Chini ya Mlima Sekenke

Msafiri anayetoka Singida kwenda Nzega hupita Misigiri, pale barabara ya kwenda Kiomboi inapochepuka, na baada ya hapo huanza kujiuliza huo Mlima Sekenke aliosimuliwa uko wapi. Haoni mlima wowote. Anaona nchi ya juu, mashamba ya alizeti na uwele, mbuyu mmoja mmoja, na mawe makubwa yaliyokaa juu ya mawe mengine. Kisha nchi inakatika ghafla. Ukitokea upande huo Sekenke haupandwi, unateremkwa. Ni ukingo wa tawi la Bonde la Ufa, na chini yake nchi ya Wembere imetandazwa kama mkeka mpaka macho yanachoka. Mahali barabara inapofika chini na dereva anapopumua, hapo ndipo Shelui, kilomita kama 110 kutoka Singida mjini.

Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka barabara hii kabla ya kutiwa lami miaka ya 2000. Lori lilishuka kwa gia ya kwanza, na utingo alitembea kwa miguu pembeni, kigogo mkononi, tayari kukitupa chini ya gurudumu endapo breki zingekataa. Mara nyingine kigogo kilifika kwa wakati, mara nyingine hakikufika. Lami imekuja, safari imekuwa fupi, lakini mteremko ni ule ule, na magari yenye mizigo ya Mwanza, Kigali na Bujumbura bado huanguka.

Tulikuwa akina mama watano, kila mmoja na kanisa lake, tulioalikwa na wenzetu wa Shelui kwa semina ya siku mbili. Tulifika saa nane mchana. Joto la kule chini lilitupokea kabla ya wenyeji.

Shelui ni mji wa watu wanaopita. Mabasi husimama, abiria huteremka kuchimba dawa na kula kwa mama lishe, kisha huondoka bila kujua hata jina la mahali walipokula. Wenyeji ni Wanyiramba, lakini utakutana na Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao, Wanyaturu wenye biashara, na Wataturu waliokuja mnadani wamejifunga mashuka yao. Kandokando ya barabara wanauza kuku wa kienyeji ndani ya matenga, asali, mafuta ya alizeti katika chupa zilizokuwa za maji, na samaki wakavu kutoka Ziwa Kitangiri. Mama mmoja aliyetuuzia asali alituonya tusinunue kwa jirani yake, na jirani yake akatuonya vivyo hivyo. Asali zote mbili zilikuwa nzuri.

Lakini jina la sehemu hizi halikuvuma kwa asali, lilivuma kwa dhahabu. Wajerumani waligundua dhahabu ya Sekenke katika muongo wa kwanza wa karne ya ishirini, na mgodi ukafunguliwa mwaka 1909. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imewabana na fedha kutoka Ulaya haziwafikii tena, waliitumia dhahabu hiyo kutengeneza sarafu huko Tabora. Kila sarafu ilikuwa ya rupia 15, yenye picha ya tembo na milima nyuma yake. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Septemba ya mwaka huo huo Tabora ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji. Leo sarafu hizo zinatafutwa na matajiri wa nchi za mbali, na wachimbaji wadogo wanaendelea kuchimba maduara yao katika vilima vile vile. Tuliwaona akina mama wenzetu wamekaa juani, watoto mgongoni, wakiponda mawe kwa nyundo ili yaende kwenye karasha. Hulipwa kwa ndoo. Tulipowasalimia walijibu bila kuacha kuponda, na hatukuwalaumu.

Semina ilifanyika kanisani, chini ya bati lililokuwa likilia kwa joto. Somo letu lilikuwa upendo wa Mungu na nia ya mwamini. Tuliwauliza akina mama swali moja tu: unapofanya jambo jema, unalifanya kwa ajili ya nini?

Kukawa kimya. Mtoto mmoja akalia, akapewa ziwa, akanyamaza. Ndipo mama mmoja wa kwaya akasema kwamba yeye huenda kupika kwenye kila msiba kwa sababu naye iko siku atafiwa, na asipokwenda kwa wenzake hapana atakayekuja kwake. Watu wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliojiona katika kioo. Mwingine akasema yeye hutoa sadaka ya shukrani kwa sababu majina husomwa. Wa tatu, mke kijana anayemuuguza mama mkwe aliyepooza upande mmoja, alisema kwa sauti ndogo, "Mimi naogopa laana. Nikimwacha mama atanilaani, na laana ya mkwe haina dawa."

Hatuzidharau sababu hizi, wala tusingependa msomaji azidharau. Msiba unahitaji wapishi, na mgonjwa aliyeogeshwa kwa woga ni msafi kama aliyeogeshwa kwa upendo. Dunia ingekuwa mbaya sana kama kila mtu angengoja nia yake itakate ndipo ainue mkono. Lakini mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 13, anatuambia jambo zito: kwamba mtu anaweza kugawa mali yake yote kwa maskini, hata kuutoa mwili wake, na bado akawa hana faida yoyote, ikiwa upendo haumo. Maana yake ni kwamba Mungu hatazami mkono tu. Anatazama kilichousukuma mkono.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa mama mtu mzima wa miaka sitini na kitu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyeji wetu wa kulala. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Akainua mkono. "Mmetaja sababu tatu," akasema. "Kisasi cha wema, sifa, na woga. Mimi nilikuwa na ya nne. Wageni nitawaambia jioni, hapa ni mbali na nyumbani kwangu na maneno ni marefu."

Jioni tulikula kwake ugali wa mtama kwa mlenda na kuku, kisha tukakaa nje juu ya mikeka. Upepo ulikuwa umeanza kutoka Wembere. Kila baada ya dakika chache tulisikia lori likinguruma juu mlimani, likijizuia kwa gia, na tuliona mwenyeji wetu anavyonyamaza kidogo kila mara, mpaka sauti ifike chini salama. Yeye mwenyewe nadhani hakujua kwamba ananyamaza.

Alituambia kwamba alipokuwa mke kijana, gari likianguka mlimani, habari ilifika chini kabla vumbi halijatulia. Watu walitoka na ndoo, madebe na magunia. "Hakuna aliyeuita wizi," akasema. "Mali imekwisha mwagika, mwenyewe tajiri yuko mbali. Tulikuwa na njaa wanangu, lakini si njaa peke yake. Ilikuwa kama sherehe."

Siku moja likaanguka lori la sukari. Yeye alikuwa miongoni mwa waliofika mapema. Alipata gunia zima la kilo 50, akasaidiwa kujitwisha. Alipokuwa akilizunguka lori ili ashike njia ya nyumbani, alisikia sauti kutoka kwenye kichwa cha gari. Dereva alikuwa amebanwa, anaomba maji.

"Nilimsikia," akasema. "Msiseme labda sikusikia. Nilimsikia vizuri. Nikasema moyoni, nikitua hili gunia sitapata wa kunitwisha tena. Wengine watampa." Dereva yule alikufa kabla jua halijachwa. Sukari ile waliitumia muda mrefu, na nyingine akaiuza kwa vikombe.

Miaka miwili baadaye mdogo wake wa kiume, aliyekuwa utingo, alipata ajali katika barabara ya mkoa mwingine, akafa. Maiti ilipoletwa nyumbani, walipoifunua ili waioshe, walikuta haina saa wala viatu. Viatu vile alinunuliwa na dada yake. "Nilimwangalia miguu," akasema mama. "Nikawalaani watu wa huko, wazee kwa watoto. Niliwalaani muda mrefu sana. Halafu usiku mmoja, sijui saa ngapi, nikasikia yule dereva wangu anaomba maji."

Tangu hapo hakwenda tena kwenye ajali. Lori likianguka alifunga mlango. Alianza kufanya kazi za kanisa kuliko mtu yeyote: kufagia, kuchota maji ya kumwagilia miche ya mchungaji, kupika kwenye mikutano, kutoa kuku kila mavuno. Wazee wa kanisa walimsifu, na wakamchagua kuwa kiongozi wa akina mama. "Hiyo ndiyo sababu ya nne," akasema. "Deni. Nilikuwa nalipa. Nilifagia kanisa lile kama mtu anayelipa gunia la sukari kwa kijiko. Na kila nikimaliza kufagia, deni liko pale pale."

Tulikaa kimya. Tunadhani wako wasomaji wengi wa gazeti hili, akina mama hodari wa kanisa na wa nyumba, ambao wamefagia kwa miaka mingi namna hiyo.

Kilichombadilisha hakikuwa ndoto wala maono. Kilikuwa kipindi cha kawaida cha Biblia siku ya Jumatano, tena kilichohudhuriwa na watu wachache kwa sababu ilikuwa wakati wa kulima. Walisoma Luka 7, habari ya yule mwanamke aliyeingia nyumbani mwa Simoni Farisayo, akailowanisha miguu ya Yesu kwa machozi yake. Mwalimu alieleza ule mfano mfupi uliomo humo, wa watu wawili waliodaiwa, mmoja dinari 500, mwingine dinari 50, na kwamba wote wawili walishindwa kulipa, na mwenye fedha akawafutia wote.

"Nilikuwa nimeusikia mara nyingi," akasema. "Lakini siku ile nikashikwa na hilo neno, kwamba walishindwa. Hakuna aliyelipa nusu. Hakuna aliyeambiwa aendelee kidogo kidogo. Nikaona gunia. Nikajua kwamba Mungu alinipenda siku ile ile, gunia likiwa kichwani mwangu. Si baada ya kulitua. Na yule dereva alimpenda vile vile, naye alikuwa karibu yake kuliko mimi niliyekuwa nimesimama pale na maji nyumbani kwangu."

Akaendelea, "Nililia mpaka mwalimu akafikiri nimefiwa. Jumamosi nilikwenda kufagia kanisa kama kawaida. Ufagio ule ule, vumbi lile lile. Lakini nilikuwa sifagii deni. Nilikuwa nafagia nyumba ya Baba yangu kwa sababu wageni watakuja."

Siku lori jingine lilipoanguka, alitoka mbio na ndoo. Majirani waliokuwa hawajamwona barabarani kwa miaka mingi wakashangilia, "Mama leo umerudi kazini!" Ndoo yake ilikuwa na maji. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichwa cha gari.

Tangu wakati huo ana utaratibu wake. Nyuma ya mlango kuna kikapu chenye dumu la maji, kikombe, wembe mpya wa kukatia nguo, soli mbili tatu za kandambili za kuwekea mtu kichwa asilalie kokoto, na khanga. Majeruhi huwapa kivuli na kuwazuia watu wasiwavute ovyo, mpaka gari la kuwapeleka hospitali lipatikane. Hospitali ya Kiomboi iko juu ya mlima, na zamani kupata gari la kupanda lilikuwa jambo la bahati. Siku hizi kuna simu. Aliyekufa humfunika khanga. Kisha hukaa chini karibu na miguu yake, na haondoki mpaka polisi wafike.

"Kwa nini miguuni, Mama?" tukamuuliza.

"Nalinda viatu," akasema.

Msidhani kwamba kazi hii imempendeza kila mtu. Mara moja mtoto wa shemeji yake alichukua simu ya abiria aliyezimia katika basi lililopinduka. Mama alimfuata mpaka nyumbani kwao, akasimama uani mchana kutwa bila ugomvi wala kelele, mpaka simu ikatolewa. Shemeji yake hakumsalimu mwaka mzima. Na gari likiwa la mafuta ndiko kwenye kazi kubwa zaidi, kwa maana vijana huja na madumu, naye husimama mbele yao kwa mikono mitupu. Tangu tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, na kuua zaidi ya watu 100, wengi wao waliokuwa wakichota mafuta, anasema vijana wanamsikia kidogo. Anawasema kwa huruma, wala hawaiti wezi. "Ninawajua," akasema. "Ni mimi hao."

Tulipolala usiku ule tulizungumza sana, taa ikiwa imezimwa. Mmoja wetu alisema kwamba mahubiri mengi tunayoyasikia yanamchukua mtu kutoka kwenye woga na kumpeleka kwenye ujira: acha dhambi usiende motoni, kisha toa ubarikiwe. Hivyo mtu anahama chumba, lakini nyumba ni ile ile. Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anaeleza mlango mwingine kabisa: pendo letu ni jibu, Mungu ndiye aliyeanza, na mahali pendo lake linapokomaa woga hufukuzwa. Anayeogopa bado anajifikiria mwenyewe, na anayelipa vilevile. Aliyependwa ndiye anayepata nafasi ya kumfikiria mwenye kiu. Sisi tunaona hapo ndipo lilipo badiliko lenyewe. Kazi za mwenyeji wetu karibu zote zilikuwa zile zile kabla na baada: kufagia, kupika, kutoa kuku. Aliyeongezeka ni mtu mmoja, yule aliyebanwa kwenye gari, ambaye wakati wa kulipa deni alimfungia mlango asimwone.

Siku ya pili mama huyo alisimulia mwenyewe mbele ya wenzake, kwa kifupi. Wengi walikuwa wanazijua khanga, hawakuijua sukari. Alipomaliza, yule mke kijana anayemuuguza mkwe akauliza, akiwa karibu kulia, "Sasa mama, mimi simpendi. Nimsubiri mpaka nimpende ndipo nimwogeshe?"

"Hapana, mwanangu. Mwogeshe," akajibiwa. "Mtu mzima asilale mchafu eti anangoja moyo wako ugeuke. Lakini unapommwagia maji, jiulize wewe nani alikuogesha, na ulikuwa unanuka namna gani. Fanya hivyo kila siku. Usimtazame mkwe wako kwanza, mtazame Bwana wako kwanza, kisha umgeukie mkwe wako na jicho hilo hilo."

Mwinjilisti mmoja mstaafu aliyekuwa amekuja kufungua semina kwa maombi, naye akaomba dakika tano. Wazee wa kanisa wakiomba dakika tano tunajua maana yake, lakini safari hii hatukujuta. Alitukumbusha kwamba kanisa la Iramba lenyewe liliwahi kulindwa na upendo wa aina hiyo, wa watu waliokuwa na sababu nzuri ya kuondoka.

Injili ililetwa huku na wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ikawaondoa. Katika miaka ya 1920 kazi ya Iramba na Turu ikachukuliwa na Wamarekani wa Kanisa la Kilutheri la Augustana, na ndiyo mbegu ya shule na hospitali tunazozijua, kama Kiomboi, ambayo leo ni hospitali ya wilaya. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, wamisionari wengi wa Kijerumani katika Tanganyika nzima wakawekwa kizuizini, na kazi yao ikabaki kama watoto waliofiwa na wazazi. Waamerika hao wa Augustana wakaombwa wailee. Mmoja wa waliobeba mzigo huo alikuwa mchungaji Elmer Danielson, aliyekuja nchini mwaka 1928.

Mwaka 1941 mkewe, Bi Lillian Danielson, alipanda meli ya Kimisri iitwayo Zamzam pamoja na watoto wao sita, akitoka Marekani kumfuata mumewe. Abiria wengi wa meli hiyo walikuwa wamisionari na jamaa zao. Alfajiri ya tarehe 17 Aprili, katika bahari ya Atlantiki ya kusini, meli ya kivita ya Kijerumani iliipiga Zamzam kwa mizinga. Mama na watoto sita wakawa baharini. Waliokolewa wote saba, na waliowaopoa ni Wajerumani wale wale waliowapiga. Wakapelekwa Ufaransa, iliyokuwa chini ya Ujerumani, kisha wakarudishwa Marekani.

Hebu akina mama tufikiri. Mume yuko Tanganyika, analinda makanisa yaliyopandwa na Wajerumani yasife, na mizinga ya Wajerumani inamzamishia mke na watoto sita. Nani angemlaumu kama angesema, basi, kila mtu na lake? Ujira haungemshika hapo. Sifa isingemshika. Deni hakuwa nalo. Danielson aliendelea, na akatumika katika nchi hii mpaka mwaka 1968. Makanisa yale yaliyolelewa na wageni wakati wa vita ni miongoni mwa yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Paulo aliposema katika 2 Wakorintho 5 kwamba upendo wa Kristo ndio unaomsukuma, hakuwa anaeleza furaha ya moyoni tu. Alikuwa anaeleza nguvu inayomwendesha mtu mahali ambapo sababu nyingine zote zimekatika, kama gari lililobaki na breki moja.

Mwinjilisti alimaliza baada ya dakika ishirini na tano. Tukaimba, tukaomba, tukala pilau.

Asubuhi ya kuondoka tuliamka mapema kuwahi basi la Singida. Mwenyeji wetu alitusindikiza mpaka stendi, akiwa amembeba jogoo aliyefungwa miguu kwa utepe, zawadi yetu. Kutoka hapo ukingo wa Sekenke ulionekana wote, umesimama kama ukuta wa buluu, na taa za malori mawili zikishuka polepole. Alinyamaza. Zikafika chini. Akaendelea kuzungumza.

Tulimuuliza khanga zile huzipata wapi, kwa sababu khanga siku hizi si rahisi. Alisema nyingine ni zake zilizochakaa, nyingine huletewa na akina mama wa jumuiya, hata baadhi ya wale waliokuwa wakienda na ndoo zamani. Huwa hazirudi, zinakwenda na maiti. Katika miaka yote hiyo moja tu ndiyo iliyorudishwa. Mzee mmoja alisafiri kutoka Kahama, akauliza nyumba hadi nyumba mpaka akafika, khanga imefuliwa na kupigwa pasi, ndani yake amefunga viatu vya mwanawe ili mama aone kwamba vilifika.

Basi hapo kila mmoja wetu akafungua mkoba. Tulikuwa na khanga zetu za safari, tukamkabidhi nne zilizotumika. Wa tano wetu alikuwa na doti mpya kabisa, bado ina gundi ya dukani, akampa yote.

Mama aliipokea, akaikunjua kidogo, akaipapasa, akaiangalia maua yake. Kisha akaikunja vizuri na kuiweka kwapani, mbali na zile nne.

"Hii," akasema, "wafu wanisamehe. Hii nitavaa mwenyewe Jumapili."

Konda akapiga bodi la basi, tukapanda na jogoo wetu.